Kamera ya zumu kubwa kwa picha za ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa tena na tena na watu wanaotaka kupiga picha za ndege bila kubeba lenzi ya kilo mbili begani. Nimeanza na ya msingi, kisha yanafuata ya mtu aliyekwisha kuingia porini na kurudi na picha zenye ukungu. Ukiwa na haraka, soma walau lile la kihisi kikubwa dhidi ya zumu ndefu. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo.

## Mambo ya msingi

Kamera ya daraja ni kitu gani hasa?

Ni kamera iliyo kati ya ile ndogo ya mfukoni na ile kubwa ya kubadilisha lenzi, na ndiyo maana ikaitwa daraja. Ina mshiko mnene kama kamera kubwa, ina kichungulio cha kuweka jicho, lakini lenzi yake imefungwa moja kwa moja na haitoki. Lenzi hiyo moja huanza kwenye mandhari pana na kuvuta hadi mbali sana.

Kwa mpiga picha za ndege faida yake ni kwamba unatembea siku nzima na kifaa kimoja chenye uzito wa kati ya gramu 600 na 1,400. Hasara yake ni kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ambacho ni kidogo. Karibu kila malalamiko utakayoyasikia kuhusu kamera hizi yanatokana na udogo huo.

Simu yangu inavuta mara 100. Kwa nini nisitumie hiyo?

Kwa sababu sehemu kubwa ya mvuto huo si lenzi. Simu hukata katikati ya picha, huikuza, kisha programu hukisia manyoya yalivyokuwa. Ukimpiga shomoro aliye mita 20 utapata kitu chenye umbo la shomoro, ila mistari ya bawa itakuwa imebuniwa. Simu inafaa kwa ndege mkubwa aliye karibu, au ukiiweka nyuma ya darubini.

Ile "60x" au "83x" kwenye boksi inamaanisha nini?

Ni uwiano kati ya mwisho wa zumu na mwanzo wake, basi. Haikuambii kamera inafika wapi mpaka ujue imeanzia wapi. Panasonic FZ82 ni 60x na huishia milimita 1,200 kwa sababu huanzia 20. Kama ingeanzia 24 kwa 60x hiyohiyo, ingefika 1,440. Nikon P950 ni 83x: huanzia 24, huishia 2,000. Kwa hiyo puuza x, tafuta namba ya mwisho ya milimita.

Milimita hizo nazo ni za ulinganisho. Lenzi ya P950 kwa kweli huishia milimita 357. Ile 2,000 ni namba inayokuambia ungehitaji lenzi ya urefu gani kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 ili uone eneo hilohilo. Ulinganisho huu ni halali na unasaidia, ila weka akilini kwamba kuna namba mbili. Ile ya kweli itarudi baadaye.

Ninahitaji milimita ngapi kwa ndege?

Inategemea ukubwa wa ndege na umbali, na hesabu yake unaweza kuifanya kichwani. Chukua 36, gawanya kwa milimita za zumu, zidisha kwa umbali wa ndege kwa mita. Jibu ni upana wa fremu kwa mita.

Tuseme ndege yuko mita 20. Kwa milimita 600 fremu ina upana wa mita 1.2. Kwa 1,200 ni sentimita 60. Kwa 2,000 ni sentimita 36, na kwa 3,000 ni sentimita 24. Ndege wa sentimita 15, ambao ndio wengi wanaorukaruka vichakani, atachukua sehemu ya nane tu ya upana wa fremu kwa milimita 600, robo kwa 1,200, na zaidi kidogo ya mbili kwa tano kwa 2,000.

Kwa ndege wadogo wenye woga, mimi huona 1,200 ndipo raha inapoanza. Kwa bata, korongo na tai, 600 hutosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Na kabla hujalipia milimita za ziada, kumbuka kwamba kumsogelea ndege kutoka mita 20 hadi 10 ni sawa na kuiongeza zumu yako maradufu, tena bila kupoteza mwanga.

## Kihisi na mwanga

Kihisi kidogo kina ubaya gani?

Kamera nyingi za daraja zenye zumu ndefu hutumia kihisi kiitwacho 1/2.3, chenye takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kihisi cha inchi 1 (jina hilo ni la zamani, hakina inchi moja popote) kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni karibu mara nne. Kihisi kidogo kikikosa mwanga hujaza picha chengachenga, na programu ya kamera ikijaribu kuzifuta hufuta na manyoya pamoja nazo.

Ndiyo maana kamera ileile humfurahisha mtu saa tatu asubuhi kwenye jua na kumkatisha tamaa saa kumi na mbili jioni chini ya mti.

Megapikseli nyingi zitanisaidia kukata picha?

Kidogo sana. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kila nukta ya mwanga hufika kwenye kihisi ikiwa kiduara. Kwa f/6.5 (namba ya f ni urefu wa kweli wa lenzi uliogawanywa kwa upana wa tundu lake) kiduara hicho kina kipenyo cha karibu maikromita 9, ilhali pikseli moja ya P950 ina upana wa maikromita 1.3 hivi. Yaani nukta moja tayari imefunika pikseli kadhaa kila upande. Kuongeza megapikseli hapo ni kukigawa kiduara kilekile vipande vidogo zaidi. Megapikseli 16 zinatosha, na 12 hazimnyimi mtu picha nzuri.

Nichukue kihisi cha inchi 1 chenye milimita 600, au kihisi kidogo chenye milimita 2,000?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu linalozoeleka, kwamba kihisi kikubwa ni bora siku zote, halitoshi.

Chukua namba za kweli za lenzi. Sony RX10 IV huishia milimita 220 kwa f/4. Gawanya: upana wa tundu linaloingiza mwanga ni milimita 55. Nikon P950 huishia milimita 357 kwa f/6.5. Gawanya: ni milimita 55 vilevile. Ndege yuleyule akiwa mbali mahali palepale, kamera zote mbili hukusanya kiasi kilekile cha mwanga kutoka kwenye manyoya yake. Tofauti ni kwamba P950 humchora mkubwa zaidi kwenye kihisi chake na kumgawa kwa pikseli nyingi zaidi. Kwa hiyo kwa ndege wa mbali, aliyetulia, kwenye mwanga mzuri, kamera ya kihisi kidogo hutoa maelezo mengi zaidi. Nimewahi kuziweka kamera za aina hizi mbili upande kwa upande, tukimlenga mdiria aliyetulia ng'ambo ya maji. Ile ya zumu ndefu ilionyesha samaki mdomoni. Kwenye ile nyingine samaki alikuwa mstari mweupe.

Sasa msogelee ndege mpaka ajaze fremu kwa milimita 600. Hapo mambo hugeuka. RX10 IV bado iko wazi kwa milimita 55 zote, lakini P950 imerudisha zumu nyuma na tundu lake limepungua hadi karibu milimita 20. Mwanga unaoingia Sony ni zaidi ya mara tano. Chini ya miti, alfajiri, au ukitaka kasi kubwa ya shata (yaani muda mfupi wa kupokea mwanga) kwa ndege anayeruka, tofauti hiyo utaiona bila kukuza picha.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni ndege wako wanaishi vipi. Wakikaa mbali na hawakubali usogee, kama ndege wa ziwani na wa mabwawani, chukua zumu ndefu. Ukiwa mtu wa kujificha na kusubiri mpaka waje, au wa msituni, au unapenda ndege warukao, chukua kihisi cha inchi 1. Ukiwa hujui, jiangalie mwenyewe: una subira ya kukaa saa nzima mahali pamoja, au unapenda kutembea? Mtembeaji hukutana na ndege walio mbali.

## Modeli moja moja

P900, P950, P1000 na P1100 za Nikon zinatofautianaje?

P900 ilitoka 2015 na ndiyo iliyowafanya watu wengi waziamini kamera hizi kwa ndege. Inafika milimita 2,000 na ina uzito wa gramu 899. Ina mapungufu mawili: kichungulio chake ni hafifu, na haihifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya kihisi kabla kamera haijaichakata. Haitengenezwi tena, kwa hiyo utaikuta kwa waliokwisha kuitumia.

P950 ilikuja 2020 na lenzi ya urefu uleule. Iliongeza RAW, kichungulio chenye nukta mara mbili na nusu zaidi na video ya 4K. Uzito ulipanda hadi gramu 1,005, na betri ikapungua: kwa kipimo cha kawaida hupiga picha 290 hivi, ambapo P900 hupiga 360. Kichungulio peke yake kinatosha kuwa sababu ya kuichagua badala ya P900, maana kwa milimita 2,000 usipomwona ndege vizuri hutaweza hata kujua kama fokasi imemshika.

P1000 ya 2018 hufika milimita 3,000 na kuwa na uzito wa gramu 1,415. P1100 ya 2025 ni karibu kamera ileile, ikiwa na tundu la kuchaji la USB-C. Kwa 3,000 lenzi huwa f/8, hewa iliyo kati yako na ndege huanza kuonekana kwenye picha (tazama swali la picha zenye ukungu), na mkono wa kawaida hauwezi kuituliza kwa muda mrefu. Mwezi mzima hautoshi kwenye fremu yake. Ni kamera ya mtu anayekaa mahali pamoja na tripodi, na kwa mtu huyo ni nzuri sana. Kwa anayetembea, P950.

RX10 IV ni ya 2017. Bado inafaa?

Ndiyo, na kwa ndege warukao sijaona kamera ya daraja iliyoipita. Fokasi yake hupima umbali moja kwa moja kwa nukta 315 zilizotandazwa kwenye kihisi badala ya kwenda mbele na nyuma ikitafuta, na hupiga hadi picha 24 kwa sekunde huku ikiendelea kumfuata ndege. Ina kinga dhidi ya vumbi na manyunyu. Haina ule utambuzi wa jicho la ndege ulio kwenye kamera mpya za kubadilisha lenzi, kwa hiyo kazi ya kumweka ndege kwenye fremu inabaki yako. Kikwazo chake kikubwa ni bei: mara nyingi inafika kiasi ambacho ungeanza kufikiria mfumo mwingine kabisa, jambo ambalo nimelijibu mwishoni.

Nataka kitu chepesi. Kuna nini?

Canon SX70 HS, gramu 610, milimita 21 hadi 1,365, ina RAW na kichungulio kizuri. Panasonic FZ82 ina uzito wa karibu hivyohivyo na hufika 1,200. Toleo lake la 2024, FZ82D, lilirekebisha kichungulio ambacho kwenye toleo la kwanza kilikuwa duni. Matundu yao mwishoni mwa zumu ni milimita 36 hadi 38, kwa hiyo usitarajie maelezo ya P950.

Halafu kuna Panasonic FZ330, inayouzwa pia kwa jina la FZ300, ambayo watu huipita kwa sababu inaishia 600 tu na kihisi chake ni kile kidogo. Lakini inabaki f/2.8 zumu nzima, na ina kinga ya manyunyu na vumbi. Kwa mtu anayepiga ndege wanaokuja bustanini ni chaguo la busara.

## Kabla ya kulipa

Nijaribu nini nikiishika dukani?

Iwashe na uhesabu inachukua muda gani mpaka iwe tayari. Vuta hadi mwisho, lenga maandishi madogo upande wa pili, bonyeza nusu, uone fokasi inashika kwa haraka kiasi gani. Kisha lenga kitu chenye rangi moja isiyo na mistari, uone inahangaika kiasi gani. Weka jicho kwenye kichungulio, na kama unavaa miwani ijaribu nayo. Shika kamera kwa dakika tano mfululizo bila kuiweka chini. Watu wengi huinua kamera kwa sekunde kumi, wanaisifu, halafu wiki ya pili inabaki kabatini.

Tafuta pia kitufe cha kurudisha zumu kwa muda. P950, P1000 na SX70 wanacho: ukikishikilia, lenzi hurudi nyuma uone eneo pana, ukikiachia, hurudi pale ulipokuwa. Kitufe hicho kitakuokolea ndege wengi kuliko milimita 500 za ziada.

Nikinunua iliyokwisha kutumika, niangalie wapi?

Anza na lenzi yenyewe, kwa kuwa haitoki na ikiharibika kamera nzima imekwisha. Vuta na urudishe mara kumi ukisikiliza mlio. Mkwaruzo au kusita ni dalili mbaya. Mulika tochi kwa mbele na uangalie ndani. Chembe mbili tatu za vumbi hazina neno, lakini ukungu au nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na hiyo achana nayo hata ukipunguziwa bei. Kisha piga ukuta mweupe ukiwa umevuta hadi mwisho, utafute madoa yanayobaki palepale kwenye kila picha.

Mimi niliwahi kununua moja bila kuivuta hadi mwisho, kwa sababu betri ilikuwa karibu kuisha na muuzaji alikuwa na haraka. Upande wa kushoto wa kila picha ulikuwa na ukungu: lenzi ilikwisha kuanguka. Nenda na betri yako iliyojaa.

RAW ni lazima?

Hapana. Ila kihisi kidogo ndicho kinachofaidika nayo zaidi, kwa sababu programu za kisasa za kompyuta za kuondoa chengachenga hufanya kazi hiyo kwa ustadi kuliko kamera yenyewe. Kama huna mpango wa kukaa na kompyuta, piga JPEG na upunguze ukali na ufutaji wa chengachenga kwenye mipangilio, ili manyoya yasigeuke kuwa kama plastiki.

## Ukiwa porini

Nikivuta ninampoteza ndege. Nifanyeje?

Usianzie kwenye zumu ndefu. Mtazame ndege kwa macho, tafuta alama iliyo karibu naye (tawi lililovunjika, jani jekundu), inua kamera usoni bila kuondoa macho kwake, ipate alama ikiwa zumu ni fupi, kisha vuta polepole. Akitoweka, tumia kitufe cha kurudisha zumu. Ndani ya wiki mbili mkono utazoea.

Kwa nini picha zangu zina ukungu nikivuta hadi mwisho?

Kuna sababu tatu, na kila moja ina sura yake.

Ya kwanza ni mtikisiko. Ukikuza picha utaona kila kitu, ndege na tawi, kimevutika upande mmoja. Kamera hizi zina kitulizo cha mtikisiko kinachosaidia sana, ila usiende chini ya 1/250 ya sekunde kwa milimita 2,000 ukiwa umesimama. Bana viwiko mbavuni, egemeza kichungulio kwenye jicho, pumua nje, piga picha tano mfululizo. Mara nyingi ya tatu au ya nne huwa kali, kwa sababu kidole kimeshaacha kubonyeza.

Ya pili ni fokasi iliyokosea: tawi lina ukali, ndege hana. Jibu lake liko kwenye swali linalofuata.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu, nayo ni hewa. Ardhi ikipata joto, hewa juu yake hucheza kama ile unayoiona juu ya lami mchana, na picha hutoka na kingo zilizolegea kana kwamba imepigwa kupitia maji. Hakuna kamera wala tripodi inayotibu hilo. Kuanzia mita 50 na kuendelea, juu ya mchanga, maji au uwanja wazi, utaliona hata saa nne asubuhi. Watu wamerudisha kamera nzima kwa muuzaji wakidhani lenzi ni mbovu. Kabla ya kuilaumu, mpige ndege aliye mita 10 asubuhi na mapema. Akitoka mkali, lenzi haina kosa: punguza umbali.

Fokasi inashika majani badala ya ndege.

Chagua nukta moja ya katikati, na uifanye ndogo kadiri kamera inavyoruhusu. Ilenge mahali penye tofauti ya rangi, kama shingo au ukingo wa bawa. Tumbo jeupe tupu huipa kamera kazi bure. Ikigoma kabisa, lenga kitu kingine kilicho umbali uleule, bonyeza nusu ushikilie, kisha mrudie ndege.

Alama ya ndege iliyo kwenye gurudumu la juu la P950 na P1000 haimtafuti ndege kwa niaba yako. Inapanga tu mipangilio inayofaa. Si mbaya kwa siku ya kwanza.

Nianze na mipangilio gani?

Kwa ndege aliyekaa: hali ya kipaumbele cha shata, 1/500, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya kujipanga yenyewe na ukomo wa 400 kwa kihisi kidogo au 1600 kwa kihisi cha inchi 1, na kupiga mfululizo kukiwa kumewashwa. Kwenye jua kali, kwa f/6.5 na ISO 100, utapata takriban 1/600, kwa hiyo uko salama. Kivulini mwanga unaweza kupungua mara nane. Hapo shuka hadi 1/250 na uegemee mti kabla ya kupandisha ISO.

Ndege mweusi dhidi ya anga atatoka kivuli kitupu: ongeza mwangaza kwa +1 au zaidi. Ndege mweupe juani: punguza kwa -0.7 ili manyoya yasiungue.

Naweza kumpiga ndege akiruka kwa kamera ya daraja?

Kwa RX10 IV, ndiyo, ukiweka 1/2000 na zaidi. Kwa zile za kihisi kidogo, inawezekana kwa ndege wakubwa wanaoelea, kama tai, mwari au korongo, na ni bahati kwa mbayuwayu. Rudisha zumu hadi kati ya 300 na 600, mfuate ndege mapema akiwa bado mbali, endelea kumfuata hata baada ya kubonyeza.

Jambo jingine la kujua: P950 hupiga picha 7 kwa sekunde, lakini baada ya 10 hivi husimama kuandika kwenye kadi, na katika kusimama huko huwezi kupiga. Usibonyeze kwa msisimko ndege anapoonekana tu. Subiri apite mbele yako.

Tripodi ni lazima?

Kwa P1000 na P1100, karibu ndiyo. Kwa nyingine, hapana. Stendi ya mguu mmoja inatosha, au mfuko mdogo wa maharage juu ya ukuta.

## Hali zisizo za kawaida

Msituni au kwa bundi jioni?

Hapa kihisi kidogo hushindwa na ni vyema ulijue mapema. Kwa ndege aliyetulia kabisa, weka kamera kwenye tripodi, tumia sekunde mbili za kuchelewesha shata, shuka hadi 1/30, upige picha 20 ukitumaini mbili. Flashi iache. Haifiki mbali, na bundi ni mnyama anayetegemea macho yake gizani kupata chakula.

Kuna ubaya kuchezesha sauti ya ndege kwenye simu ili aje karibu?

Upo. Anakuja kwa sababu anadhani mpinzani ameingia kwenye eneo lake, na anaacha kulisha makinda au kujilisha ili apigane na sauti. Kwenye kiota usichezeshe kabisa, na usisogee karibu kiasi cha kumfanya mzazi aondoke. Zumu ndefu ilitengenezwa ili usihitaji kufanya hivyo.

Nikipigia dirishani?

Fungua dirisha. Kioo cha kawaida kwa milimita 1,000 na zaidi huharibu ukali kuliko unavyofikiri, hasa ukikipigia kwa mshazari. Likiwa halifunguki, gusisha lenzi kwenye kioo na uelekeze kamera moja kwa moja mbele.

Mvua, unyevu na vumbi?

P950 na P1000 hazina kinga yoyote. Lenzi ndefu inapotoka na kurudi huvuta hewa ndani, na hewa huja na vumbi na unyevu. Kwenye vumbi vuta mara chache, na futa bomba la lenzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa, la sivyo ukungu utatanda kwenye vioo vya ndani usikoweza kufuta. Nyumbani ihifadhi kwenye kontena lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Zumu ya dijitali, au lenzi ya kuongeza mbele?

Zumu ya dijitali izime kwenye mipangilio siku ya kwanza. Kukata picha baadaye hutoa matokeo yaleyale au bora. Lenzi za bei nafuu za kukaza mbele huleta rangi za zambarau kwenye kingo na kupunguza ukali. Sijawahi kuona moja iliyosaidia.

Ni lini nihamie kamera ya kubadilisha lenzi?

Ukigundua kwamba nusu ya picha unazozitamani ni za ndege wanaoruka au walio gizani, na fokasi ndiyo inayokuangusha kila mara. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hutambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe, na hiyo ni hatua kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya modeli za daraja. Lakini pima mzigo kwanza. Lenzi ya Nikon 180-600 ina uzito wa kilo 2 hivi bila kamera. Sony 200-600 vilevile. Canon RF 100-400 ni gramu 635 tu, na kwenye kamera ya kihisi cha kati (APS-C, kikubwa kuliko cha inchi 1) huona kama milimita 640. Huo ndio mfumo unaoshindana moja kwa moja na RX10 IV kwa uzito.

Ukihama, usiuze P950 haraka. Wengi ninaowafahamu waliohama bado wanaibeba kwenye begi, kwa ajili ya yule ndege mdogo wa ng'ambo ya bwawa ambaye wanataka kujua tu ni nani.